UNAKAA WAPI?

Andiko la somo: Yohana 15:1–17
Soma pia: Yohana 1:35–39, Isaya 5:1–7, Warumi 11:17–24



Huku kwetu ukikutana na mtu mara ya kwanza, mkishaambiana majina, swali linalofuata huwa ni hili: "Na unakaa wapi?" Hatumwulizi amepita wapi leo, wala alitembea wapi juzi. Tunataka kujua mahali anaporudi jioni, mahali ambapo akitafutwa usiku atapatikana. Mtu anaweza kufanya kazi Industrial Area kuanzia asubuhi hadi jioni na asikae huko. Anaweza kupita Thika Road kila siku ya Mungu na asikae Thika Road. Kupita ni kitu kimoja, kukaa ni kingine.

Hilo neno "kukaa" ndilo Bwana Yesu alilotumia katika Yohana 15. Chukua Biblia yako na kalamu. Anza aya ya 4 uende mpaka aya ya 10, na upige mstari chini ya kila mahali neno hilo limetokea. Utahesabu karibu mara kumi katika aya saba tu. Mwalimu akirudia neno moja hivyo, ujue hataki mwanafunzi atoke darasani bila hilo neno.

Na neno hili halikuanzia hapo. Rudi nyuma hadi Yohana 1. Wanafunzi wawili wa Yohana Mbatizaji walianza kumfuata Yesu njiani. Akageuka, akawauliza wanatafuta nini. Hawakuomba mkate, hawakuomba muujiza. Walimwuliza anakaa wapi. Akawakaribisha waje wajionee, nao wakashinda naye siku ile. Yule aliyeandika hakusahau hata saa: ilikuwa kama saa kumi. Katika Kigiriki, lugha ambayo Injili hii iliandikwa kwanza, kitenzi cha swali lile ndicho hicho hicho kilichotumika katika sura ya 15.

Kwa hivyo safari ya wanafunzi ilianza kwa wao kumwuliza Yesu anakaa wapi. Usiku wa mwisho kabla ya msalaba, yeye ndiye anawaambia wao wakae wapi. Somo letu la wiki hii liko hapo: tunda la Mkristo hutokana na mahali anapokaa. Tutaliangalia kwa hatua tano.

1. MANENO HAYA YALISEMWA USIKU GANI

Tukisoma Yohana 15 bila kukumbuka usiku wenyewe, tutadhani Yesu alikuwa ameketi shambani mchana akifundisha kilimo. Sivyo. Chakula cha jioni kimekwisha. Miguu imeoshwa. Yuda ameshatoka nje, na Yohana 13:30 inatuambia ilikuwa usiku. Petro ameshaambiwa kwamba kabla jogoo kuwika atamkana Bwana mara tatu. Masaa machache baadaye wote watatawanyika. Watu kama hao ndio waliambiwa wakae.

Sasa mfikirie Yuda kidogo. Mathayo 10 inamtaja kati ya wale kumi na wawili waliotumwa kuhubiri na kuponya wagonjwa. Alikuwa na huduma. Alikuwa mweka hazina. Mfuko wa pesa ulikuwa mikononi mwake. Na Yesu aliposema mezani kwamba mmoja wao atamsaliti, wale wengine walitazamana wasijue ni nani. Hakuna aliyenyosha kidole na kusema, "Huyo tulimjua kitambo." Kwa macho ya wenzake alikuwa tawi la kijani kama wao. Lakini Yohana 12:6 inatuambia kwamba alikuwa akiiba kutoka kwa ule mfuko kabla ya usiku huo. Ndani alikuwa amekauka kitambo, ila majani yalikuwa bado hayajaanguka.

2. TAWI LILILOKATIKA HALIKAUKI SIKU HIYO HIYO

Wengi wetu hatujawahi kulima mizabibu. Iko Naivasha, na ukivuka mpaka iko Dodoma, lakini wengi tunajua kahawa, chai, maembe na avokado. Basi wacha nitumie avokado.

Mkulima anayetaka Hass haoti mbegu ya Hass akangoja. Anachukua mche wa avokado ya kienyeji uliokwisha kushika mizizi vizuri, anaukata juu, anaupasua kidogo. Kisha anachukua kijitawi cha Hass, anakichonga kama kabari, anakiingiza pale kwenye ule mpasuko. Ile sehemu mbichi ya kijani iliyo chini ya gome lazima iguse kijani ya mwenzake. Halafu anafunga na utepe wa nailoni na kungoja. Hiyo ndiyo kupandikiza, au kama wakulima wengi wanavyosema, kugrafti.

Sasa sikiza jambo ambalo kila mwenye kitalu analijua. Kile kijitawi kinaweza kukaa kijani siku nyingi hata kama hakijashikana na mche. Kinaweza hata kuchipua. Kinatumia maji na chakula kilichobeba kutoka kule kilikotoka. Mgeni akipita atasema, "Hii imeshika." Mwenye kitalu hasemi hivyo. Anangoja aone kama kiungo kimefungana, kwa sababu akiba ikiisha na hakuna kitu kinachopanda kutoka kwenye shina, kijitawi kinanyauka chote.

Mpendwa, kuna mtu anasoma karatasi hii na anaishi kwa akiba. Maombi yako ya mwisho ya kweli yalikuwa ile kesha ya mwaka juzi. Neno unalotumia kuhubiri ni lile ulilosoma ukiwa bado kijana. Uko kwenye timu ya sifa na kuabudu na sauti bado iko. Uko mlangoni ukikaribisha watu na tabasamu bado liko. Watu wakikuombea hawajui hata waombe nini, kwa sababu ukitazamwa uko kijani. Lakini wewe mwenyewe unajua. Ukifika nyumbani na kufunga mlango, unajua hakuna kitu kinachopanda.

Siandiki haya ili mtu aache huduma. Nataka tujue kwamba huduma haiwezi kutumiwa kama kipimo. Katika Mathayo 7 kuna watu watakaotaja unabii na miujiza waliyoifanya kwa jina la Yesu, na jibu lake litakuwa kwamba hakuwahi kuwajua. Hawakukosa kazi. Walikosa kiungo.

3. TUNDA NI NINI, NA NANI HULILA

Tukisikia "matunda" tunakimbilia kuhesabu. Ni watu wangapi wameokoka, nyumba imejengwa mpaka wapi, biashara imefungua matawi mangapi. Mungu hubariki watu wake na tunamshukuru, lakini tuache Biblia yenyewe itueleze tunda.

Isaya 5 inamwonyesha Mungu kama mkulima wa mizabibu. Alichagua kilima chenye rutuba, akalima, akaondoa mawe, akajenga mnara na shinikizo la kukamulia. Akangoja zabibu nzuri, shamba likatoa zabibu mwitu. Halafu aya ya 7 inaeleza wazi kwamba shamba hilo ni Israeli, na kwamba tunda alilolitafuta lilikuwa haki. Badala yake alisikia kilio cha watu wanaoonewa. Ndiyo maana Yesu anajiita mzabibu ulio wa kweli. Yale ambayo shamba lile lilishindwa kuzaa, yanazaliwa ndani yake.

Kwa hivyo swali la kwanza kuhusu tunda ni hili: kuna mtu analia kwa sababu yangu? Dada anayenifanyia kazi nyumbani amelipwa mwezi huu, ama kila siku namwambia "ngoja kidogo" na huku nimetoa ahadi ya harambee kanisani? Mama mboga niliyechukua sukuma kwake kwa deni, bado namkwepa kwa kupita njia ya nyuma? Mpangaji wangu mvua ikinyesha analala na sufuria chini ya mabati yanayovuja, na kodi nachukua tarehe tano?

Wagalatia 5:22–23 inaendeleza orodha. Inaanza na upendo na kumalizia na kiasi, yaani kujizuia. Angalia hiyo orodha yote na uniambie ni lipi kati ya hayo unaweza kulionyesha ukiwa peke yako chumbani. Uvumilivu unahitaji mtu anayekusumbua. Upole unahitaji mtu aliyekukosea. Uaminifu unahitaji pesa ya mwenzako mkononi mwako.

Na tunda si chakula cha mti. Mwembe hauli embe lake. Anayekula ni mtoto anayepita kutoka shule, ni ndege, ni jirani. Ukitaka kujua kama unazaa, usijiulize mwenyewe. Waulize wanaokula kutoka kwako: mke wako, mume wako, watoto, mfanyakazi mwenzako, kondakta uliyembishania kwa sababu ya shilingi kumi. Hao ndio wanajua ladha yako.

Kisha aya ya 16 inaongeza jambo moja. Yesu anasema aliwachagua ili wazae, na hayo matunda yapate kukaa. Ni lile neno letu tena. Tawi linalokaa huzaa tunda linalokaa.

4. KISU CHA MKULIMA

Hapa wengi huchanganyikiwa. Aya ya 2 inasema Baba huliondoa tawi lisilozaa. Hiyo tunaielewa. Lakini haiishii hapo. Inasema lile linalozaa nalo hupitiwa na mkono wake, ili lizae zaidi.

Mtu wa Nyeri au Kirinyaga hahitaji kuelezwa. Mkahawa ukiachwa ukue unavyotaka unakuwa kichaka. Machipukizi yanatoka kila upande, majani yanafunika, magonjwa yanapata maficho, na mwaka ambao umejaa matunda mengi sana punje zinakuwa ndogo na nyepesi. Mkulima hulipwa kulingana na gredi, na zile punje kubwa ndizo zinazoingia AA. Basi anachukua kisu na msumeno. Anayoyakata si matawi makavu peke yake. Anakata hata machipukizi mabichi, yenye afya, yanayopendeza. Kosa lao ni kwamba yanakunywa nguvu ambayo ingeenda kwenye tunda.

Sikiza mpendwa: yale Baba anayokata kwako si dhambi peke yake. Wakati mwingine ni kitu kizuri ambacho kinakula nafasi ya tunda. Kuna ndugu amepoteza cheo kazini na amekuwa akijiuliza ni dhambi gani alifanya. Kuna dada chama chake kimevunjika, marafiki wametawanyika. Sitakwambia kila hasara imetoka kwa Mungu. Zingine zimeletwa na adui, zingine na watu waovu, na zingine ni hali ya dunia tu. Lakini nakwambia hivi kutokana na andiko hili: kisu kikipita, usifikiri moja kwa moja kwamba umekataliwa. Hakuna mkulima anayepoteza wakati kupogoa mti aliokwisha kuuacha.

Na kisu chenyewe ni nini? Biblia yetu ya Kiswahili inasema katika aya ya 2 kwamba Baba hulisafisha lile tawi. Aya ya 3 inawaambia wanafunzi kwamba wameshakuwa safi kwa sababu ya neno alilowaambia. Kwa hivyo chombo cha kwanza anachotumia ni Neno. Tukilipokea Neno linapotukata, kuna mambo mengi hatutahitaji kufundishwa na maumivu.

5. TUNAKAAJE?

Yesu hakuacha jambo hili likining'inia hewani. Ndani ya sura hii hii ameeleza kukaa kwa njia tatu.

Kwanza, maneno yake yakae ndani yetu (aya ya 7). Hapo ndipo ahadi ya maombi inapofungwa. Wengi tunapenda ile sehemu ya kuomba tutakalo, lakini soma yale yanayotangulia. Neno likikaa ndani yako muda mrefu, linabadilisha hata yale unayotaka. Unaanza kuomba anachotaka yeye, na hapo majibu hayachelewi kwa sababu mnataka kitu kimoja.

Pili, tushike amri zake (aya ya 10). Utii ndio kuishi kwenye nyumba. Mtu hawezi kusema anakaa kwa fulani na huku hafuati hata sheria moja ya nyumba hiyo.

Tatu, tupendane (aya ya 12). Tawi haliko peke yake kwenye mzabibu. Ukiona tawi moja linasema "Mimi nimeshikana na mzabibu lakini hayo matawi mengine sitaki kuyaona," kuna shida mahali. Maji yanayopanda kwangu ndiyo yanayopanda kwa yule ndugu ambaye tumenuniana tangu Pasaka.

Angalia vizuri. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalohitaji kipaza sauti. Tunao dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani kule Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Wengine hawana ruhusa ya kutoka Jumapili, hawana kanisa la kwenda, na simu wanashika usiku tu. Je, hao wanaweza kukaa ndani ya mzabibu? Wanaweza. Dada anayeosha vyombo saa tano usiku akikumbuka Zaburi aliyoishika akiwa Sunday School, akamwombea hata mwajiri anayemfokea, huyo anakaa. Anaweza kuwa na tunda kubwa kuliko mimi ninayeshika kipaza sauti kila wiki. Wapendwa, tusiwasahau katika maombi yetu.

Wala hakuna moja kati ya hayo linaloleta tunda usiku mmoja. Kahawa, tangu ua lifunguke hadi punje kuwa nyekundu, huchukua kama miezi minane au tisa. Katikati hapo ukipita kila siku utaona punje za kijani zile zile. Usizing'oe kwa haraka. Kazi ya tawi si kujikaza ili litoe tunda. Kazi yake ni kubaki mahali pake na kupokea, siku baada ya siku, na tunda litafika kwa wakati wake.

KWA YULE AMBAYE AMEKAUKA

Aya ya 6 ni nzito na siwezi kuiruka. Tawi lisilokaa hutupwa nje, hunyauka, hukusanywa na kuchomwa. Yesu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na aliwaambia rafiki zake kwa sababu aliwapenda. Ukiwa nje, usijifariji kwa majani.

Lakini mkumbuke Petro. Usiku ule ule alimkana Bwana mara tatu, mbele ya moto wa makaa, kwa kuogopa maswali ya kijakazi. Yuda naye aliona kosa lake akarudisha vipande thelathini vya fedha, lakini alivirudisha kwa makuhani na kwa Bwana hakurudi. Petro alilia sana, na katika Yohana 21 tunamwona akijirusha majini ili afike ufuoni alipo Yesu. Hakungoja mashua. Pale ufuoni, tena kando ya moto wa makaa, Bwana alimwuliza kuhusu upendo, mara tatu. Siku ya Pentekoste mtu yule yule alisimama Yerusalemu, na watu kama elfu tatu wakaongezwa.

Warumi 11:23 inasema juu ya matawi yaliyokatwa kwamba Mungu anaweza kuyapandikiza tena. Anaweza. Kwa hivyo usingoje ujisikie kijani ndipo urudi. Tawi halijipi maji kwanza ndipo lishikane na shina. Rudi hivyo ulivyo.

ZOEZI LA WIKI HII

Soma Yohana 15:1–17 kila asubuhi kwa siku saba kabla hujafungua simu. Shika aya moja kwa moyo. Kisha chagua mtu mmoja anayekula tunda lako kila siku, umwulize kwa unyenyekevu, "Ni nini kwangu kinakuumiza?" Sikiza bila kujitetea.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kupita kwa Yesu na kukaa ndani yake? Toeni mifano ya maisha ya kila siku.
2. Kwa nini wanafunzi hawakumtambua Yuda? Hilo linatufundisha nini kuhusu huduma?
3. Ni kitu gani kizuri maishani mwako ambacho huenda kinakula nguvu ya tunda?
4. Kuna ndugu au dada katika ushirika huu ambaye hamsalimiani? Mtafanya nini kabla ya Jumapili?

TUOMBE

Baba, wewe ndiwe mkulima, na sisi tuko mikononi mwako. Pale tumeishi kwa akiba, utusamehe. Pale mtu amelia kwa sababu yetu, tupe ujasiri wa kwenda kutengeneza. Neno lako likitukata, tusikimbie. Yule aliyekauka na anasoma haya akiwa peke yake, mshike leo, umrudishe kwenye shina. Utufanye tukae ndani ya Mwana wako mpaka siku atakaporudi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.